Padri Damien, aliyebaki na wakoma

Wakatekumeni wapenzi, mbali sana katika bahari ya Pasifiki viko visiwa vya Hawaii, na kimojawapo ni Molokai. Upande wake wa kaskazini pana rasi ndogo: mbele yake ni bahari yenye mawimbi makali, nyuma yake ni mlima uliosimama kama ukuta. Hapo ndipo serikali ya mfalme wa Hawaii ilipoanza kuwapeleka wenye ukoma, mwaka 1866. Siku zile dawa haikuwako. Mume alitengwa na mkewe, mtoto na mamaye, nao walioshushwa pale walijua ya kuwa hawatarudi tena kwao. Serikali iliwapelekea chakula na nguo. Lakini watu wazima waliokubali kukaa nao walikuwa wachache, hasa jamaa zao waliowafuata kwa mapendo.

Padri Damien alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 huko Tremelo, Ubelgiji, nchi walikotoka wengi wa mapadri walioleta dini kwetu Kongo. Jina lake la nyumbani ni Jozef De Veuster. Aliingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria. Kaka yake Pamphile ndiye aliyechaguliwa kwenda Hawaii, akaugua. Damien akaomba kwenda mahali pake. Akapata upadri Honolulu mwaka 1864.

Mwaka 1873 Askofu Maigret aliwaeleza mapadri wake shida ya wakoma waliokufa bila Sakramenti. Wanne wakajitoa, ikapatanwa waende kwa zamu. Damien alitangulia, akafika tarehe 10 Mei. Zamu yake haikuisha.

Siku za kwanza alilala chini ya mti. Msidhani ya kuwa kazi ile ilikuwa nyepesi kwake. Alipoingia nyumbani mwa wagonjwa, harufu ya vidonda ilimshinda, hata mara nyingi akalazimika kutoka nje avute hewa. Kisha aliingia tena. Akajizoeza kuvuta kiko ili moshi uifunike harufu ile. Aliwafunga vidonda, akala nao katika bakuli moja, akawajengea nyumba, akawaletea maji kwa mabomba, akawatengenezea majeneza na kuwachimbia makaburi kwa mikono yake. Tena alipohubiri hakuwaita ndugu zangu, bali alisema sisi wakoma, naye angali mzima.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, mwepesi wa hasira, na wakubwa wake walichoshwa na maombi yake. Mimi nampenda zaidi kwa ajili hiyo.

Mwaka ule wa kwanza serikali ilimkataza asitoke. Siku moja mkubwa wake wa shirika alifika kwa merikebu, lakini hakuruhusiwa kushuka, wala Damien hakuruhusiwa kupanda. Basi Padri akasimama katika mtumbwi, akaungama dhambi zake kwa sauti kuu, kwa Kifaransa, mbele ya watu wa merikebu. Ninyi mnaojifunza sasa Sakramenti ya Kitubio, nanyi mwaogopa siku ya kuungama kwa siri, lifikirini neno hili.

Mwishoni mwa mwaka 1884 alitia mguu katika maji ya moto sana. Ngozi ikababuka, wala hakusikia maumivu. Akajua.

Aliendelea na kazi yake. Mwaka 1886 akaja mlei Joseph Dutton kumsaidia, na mwaka 1888 Mama Marianne Cope pamoja na masista wake. Padri alikufa tarehe 15 Aprili 1889, katika Juma Takatifu, mwenye miaka 49. Wakamzika chini ya mti ule aliolalia siku za kwanza.

Sheria ya kuwatenga wakoma huko iliondolewa mwaka 1969, na leo ukoma unapona kwa dawa. Mwili wa Padri ulipelekwa Ubelgiji mwaka 1936. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1995, na Papa Benedikto XVI akamtangaza Mtakatifu mwaka 2009. Lakini watu wa Molokai waliomba warudishiwe chochote cha Padri wao; na mwaka ule wa 1995 wakapewa mkono wake wa kuume, wakauzika katika kaburi lake la kwanza.