Joseph Fourier: Novisi Aliyefuata Njia ya Joto

Mwaka 1787 kijana wa miaka 19, Jean-Baptiste Joseph Fourier, aliingia katika abasia ya Saint-Benoît-sur-Loire nchini Ufaransa ili kuanza malezi ya kitawa na ya upadre. Miaka miwili baadaye aliondoka bila kuweka nadhiri. Leo jina lake hutajwa popote fizikia na uhandisi vinapofundisha jinsi joto linavyosafiri. Tunasimulia maisha yake kwa ajili ya waseminari walio katika masomo, na vilevile kwa ajili ya waumini wa parokia zetu, ambako kijana akirudi nyumbani kutoka seminari mara nyingi hupokewa kwa minong'ono, kana kwamba miaka yake yote imemwagika chini.

Yatima wa fundi cherehani

Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye watoto wengi. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na baba akafuata mwaka uliofuata. Yatima huyo alipata nafasi katika shule ya kijeshi ya mjini kwake, iliyokuwa ikiendeshwa na watawa Wabenediktini, familia ileile ya Mtakatifu Benedikto tunayoifahamu hapa kwetu kupitia abasia za Peramiho na Ndanda.

Hapo ndipo hisabati ilipomshika. Husimuliwa kwamba alikuwa akikusanya vipande vya mishumaa vilivyobaki ili asome usiku wenzake wakiwa wamelala. Alipofikisha miaka 14 alikuwa amekwisha kusoma juzuu zote sita za kitabu cha hisabati cha Bézout, kilichotumika sana katika shule za Ufaransa za wakati huo.

Alipoingia abasia, ambayo kanisa lake linaheshimiwa kwa masalia ya Mtakatifu Benedikto, aliendelea kufanya hisabati na kufundisha manovisi wenzake. Lakini moyo wake haukutulia. Alipotimiza miaka 21 alimwandikia mwalimu wake wa zamani akisikitika kwamba Newton na Pascal, katika umri kama huo, walikuwa tayari wamefanya mambo ya kukumbukwa. Mwaka huohuo, 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalilipuka. Bunge lilisimamisha uwekaji wa nadhiri za kitawa, na Februari 1790 likazifuta kabisa katika sheria. Fourier akarudi Auxerre kuwa mwalimu katika shule iliyomlea.

Mapinduzi, gereza na Misri

Hatutaki kumpamba. Mwaka 1793 alijiunga na kamati ya mapinduzi ya mji wake, wakati ambapo Kanisa nchini Ufaransa lilikuwa likiteswa na mapadre wengi wakiuawa au kukimbia. Aliyaamini mema yaliyoahidiwa na Mapinduzi, kisha akaona jinsi yalivyogeuka kuwa umwagaji damu. Mwenyewe alitiwa ndani mwaka 1794 kutokana na ugomvi wa makundi ya wanamapinduzi. Angeweza kupelekwa kwenye mashine ya kukata vichwa, lakini Robespierre alianguka mwezi Julai na Fourier akaachiwa huru.

Mwaka 1795 alikwenda Paris kusoma ualimu chini ya wanahisabati wakubwa wa zama hizo: Lagrange, Laplace na Monge. Muda si mrefu akawa mwalimu mwenzao. Mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon hadi Misri pamoja na kundi la wataalamu, na huko Cairo akawa katibu wa taasisi yao ya kisayansi. Alirudi Ufaransa mwaka 1801. Mwaka uliofuata Napoleon alimpa kazi ambayo hakuiomba, ya kuwa mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake yakiwa Grenoble.

Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 13. Alikutana na wananchi wa vijiji vingi mpaka wakakubaliana kukausha mabwawa ya Bourgoin, yaliyokuwa chanzo cha homa kwa watu wa eneo hilo. Alisimamia pia ujenzi wa barabara kutoka Grenoble kuelekea Turin. Ni katika miaka hiyo ya mafaili, mashauri na ziara za vijijini, akiiba saa za usiku, ndipo alipoandika kazi iliyomfanya akumbukwe.

Swali lililowezekana kujibiwa

Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu joto ni kitu gani. Wengine walisema ni aina ya maji mepesi yasiyoonekana ambayo hupita kutoka kitu kimoja hadi kingine. Wengine walisema ni mtikisiko wa chembe ndogo ndani ya vitu. Fourier hakuijenga hesabu yake juu ya jibu la ugomvi huo. Aliuliza swali jingine: ukijua sehemu gani ya kitu ni ya moto na sehemu gani ni ya baridi, je, unaweza kueleza hali itakavyokuwa baada ya dakika kumi, au baada ya saa moja?

Jibu lake tunaweza kulifuata jikoni. Mwiko wa mbao na kijiko cha chuma vikisahauliwa ndani ya sufuria ya uji, mwiko utashikika, lakini kijiko kitakuunguza. Kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto. Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao. Pamoja na uwezo huo kuna mambo mengine matatu: tofauti ya joto kati ya upande mmoja na mwingine, ukubwa wa eneo ambalo joto linapitia, na unene wa kitu chenyewe. Tofauti ikiongezeka mara mbili, joto linalopita huongezeka mara mbili. Unene ukiongezeka mara mbili, joto linalopita hupungua kuwa nusu. Hiyo ndiyo sheria ya Fourier. Fundi anayechagua unene wa ukuta wa chumba cha baridi, na mhandisi anayesanifu bomba la mvuke, wote wanaitumia.

Kutokana na sheria hiyo alitunga mlinganyo unaoonyesha jinsi joto linavyobadilika ndani ya kitu, mahali hadi mahali na dakika hadi dakika. Lakini kuutegua mlinganyo huo kulikuwa mlima mwingine, kwa sababu joto linaweza kuanza likiwa limetawanyika ovyo. Hapa alichukua hatua ya ujasiri. Alisema kwamba mtawanyiko wowote, hata ukiwa na kona kali, unaweza kugawanywa kuwa mawimbi sahili mengi yaliyojumlishwa pamoja.

Wanakwaya wataelewa upesi. Kwaya ikiimba kwa sauti nne, sikioni inafika sauti moja nzito iliyochanganyika, lakini mwalimu wa kwaya mwenye sikio zuri huitenganisha soprano, alto, tenor na besi, akajua ni nani amekosea. Fourier alifanya hivyo kwa joto. Kila wimbi sahili hufifia kwa kasi yake yenyewe, na wimbi fupi hufifia upesi zaidi: lenye urefu wa nusu hufifia kwa kasi mara nne. Ukihesabu kila moja peke yake kisha ukayajumlisha tena, unapata jibu la kitu kizima.

Hakuridhika na karatasi peke yake. Alichukua pete ya chuma, akaipasha moto upande mmoja, akapima kwa vipimajoto vilivyopachikwa katika sehemu mbalimbali. Kama hesabu ilivyotabiri, hitilafu ndogondogo zilikufa mapema, likabaki wimbi moja refu, upande mmoja wa pete ukiwa na joto zaidi na upande unaoukabili ukiwa na joto pungufu, mpaka pete nzima ikafikia hali ya kulingana.

Miaka 15 ya kusubiri

Desemba 1807 aliwasilisha kazi yake mbele ya taasisi ya sayansi ya Paris. Miongoni mwa wakaguzi walikuwemo walimu wake wenyewe. Lagrange hakukubali kwamba mawimbi laini yanaweza kujumlishwa yakatoa mstari wenye kona, na kazi ile haikuchapishwa. Taasisi ilipotangaza shindano kuhusu mwenendo wa joto, Fourier alituma kazi yake ikiwa imepanuliwa. Mwaka 1812 alipewa tuzo, lakini pamoja na lawama kwamba uthibitisho wake haukuwa makini vya kutosha. Kazi ikabaki bila kuchapishwa.

Lawama ile ilikuwa na ukweli ndani yake. Fourier aliona mbali kuliko alivyoweza kuthibitisha, na uthibitisho kamili wa kwanza wa masharti ya njia yake ulitolewa mwaka 1829 na Dirichlet, kijana aliyekuwa amemfahamu huko Paris. Waliomkatalia hawakuwa maadui wa ukweli, naye hakuwachukia wala hakuitupa kazi yake. Alirekebisha, akapima tena, akaendelea kutawala mkoa wake.

Napoleon alipoanguka mwaka 1815, Fourier alipoteza cheo na pato. Mwaka 1816 wanasayansi walimchagua kuingia katika chuo chao, lakini Mfalme Louis wa 18 akamkataa kwa sababu ya utumishi wake chini ya Napoleon. Walimchagua tena mwaka 1817, na safari hii akapokelewa. Mwaka 1822, miaka 15 baada ya kukataliwa mara ya kwanza, kitabu chake kuhusu nadharia ya joto kilichapishwa.

Mwaka 1824 aliandika pia kuhusu joto la dunia. Alieleza kwamba nuru ya jua hupenya hewa kwa urahisi, lakini joto linalorudi kutoka ardhini hupata shida zaidi kutoka, kama inavyotokea katika sanduku lililofunikwa kwa kioo. Leo tunajua kwamba wastani wa joto la uso wa dunia ni kama nyuzi 15, na kwamba bila hewa inayolizuia joto hilo ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Wanaojadili mabadiliko ya tabianchi wanaendelea na swali aliloliuliza yeye.

Fourier, ambaye tangu Misri alipenda vyumba vyenye joto kali na nguo nzito, alifariki Paris tarehe 16 Mei 1830 akiwa na miaka 62.

Yaliyobaki

Mwaka 1827 Georg Ohm alifuata mfano wa Fourier kueleza mkondo wa umeme katika waya. Mwaka 1840 kijana wa miaka 15, William Thomson, alikisoma kitabu cha Fourier kwa muda wa wiki mbili hivi. Baadaye, akijulikana kama Lord Kelvin, alikuwa mmoja wa waasisi wa themodinamiki. Njia ya kugawanya mawimbi imo leo ndani ya simu zetu, katika picha za kidijitali na katika mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

Wale waliodhani joto ni maji yasiyoonekana walishindwa katikati ya karne ya 19. Sheria ya Fourier haikuanguka pamoja nao, kwa kuwa hakuwa ameiegemeza kwao. Alijua mpaka wa anachoweza kukisema kwa hakika, akaujenga vizuri upande wa huku wa mpaka huo. Mseminari anayesoma falsafa na teolojia anahitaji sana tabia hiyo. Anapoulizwa na waumini, aseme wazi lile analolijua, na asilifunike kwa maneno makubwa lile ambalo bado analitafuta.

Kwa wazazi na waumini tuna ombi. Watawa wa Auxerre walimpokea yatima wa fundi cherehani, wakamfundisha, na hawakupata padre. Walichompa hakikupotea: kilikwenda naye gerezani, Misri, katika mabwawa ya Bourgoin na katika kila ukurasa wa kitabu chake. Kijana wenu akirudi kutoka seminari, mkaribisheni, mpeni kazi ya kufanya, na msihesabu miaka yake kuwa hasara.