Maqrizi na fulusi za shaba

Taqiyuddin Ahmad Maqrizi anajulikana zaidi kwa vitabu vyake vikubwa vya tarehe ya Misri. Mimi nampendea kijitabu chake kimoja chembamba, alichokiandika mwaka 1405, kueleza kwa nini watu wa Misri walidhikika vile.

Alizaliwa Kairo mwaka 1364, akalelewa na babu yake mzaa mama katika madhehebu ya Hanafi, na ukubwani akahamia Shafii, madhehebu yetu. Mwaka 1399 Sultani Barquq alimfanya muhtasib, mkaguzi wa masoko, mizani na bei. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho, kwani ya sokoni hayaonekani kutoka darasani.

Mwaka 1403 mto Nile haukujaa. Njaa ikaingia, na tauni ikamwondolea binti yake. Watu walidhani dhiki kama ile haijapata kuonekana wala haitaondoka. Maqrizi akazikusanya habari za njaa zote za zamani, akaonyesha kwamba maji yakipungua hurudi, ila hii ilirefushwa na vitendo vya watu. Vyeo viliuzwa kwa rushwa, na aliyenunua cheo akazirudisha pesa zake kwa kuwakamua raia. Kodi za mashamba zikapandishwa hata wakulima wakayahama.

Lakini alilolishikilia zaidi ni fulusi, neno ambalo sisi tunalo mpaka leo. Zamani fulusi za shaba zilikuwa za kununulia vitu vidogo vidogo tu. Wakubwa wa serikali wakaonja faida yake, wakaagiza shaba Ulaya, wakazipiga kwa wingi. Dirhamu za fedha zikatoweka, nyingine zikayeyushwa kuwa mapambo. Na hapa jicho lake lilikuwa kali: mfanyabiashara alifurahi kuona fulusi zake zimeongezeka, kumbe lau angelizipima kwa dhahabu angeliona amekula hasara.

Dawa aliyoitoa ni kurudi kwenye dhahabu na fedha. Kwa maoni yangu aliwabebesha wakubwa mzigo wote, na hali fedha ilikuwa adimu hata Ulaya zama zile.

Baadaye alipewa ukadhi wa Damaski akaukataa. Alirudi Kairo, akashika kalamu, mpaka alipofariki mwaka 1442.