Darsa ya Ramadhani, siku ya 17: Khabbab bin al-Aratt, muhunzi aliyenyimwa ujira wake





Leo ni tarehe 17 Ramadhani, siku ya Badri. Kila mwaka siku kama ya leo tunakumbushana habari za vita vyenyewe: uchache wa Waislamu, wingi wa Makuraishi, visima vya maji. Leo hebu tumchukue mtu mmoja tu katika watu wa Badri, tumtazame tangu ujana wake mpaka kaburini. Mtu mwenyewe ni fundi, tena muhunzi. Jina lake Khabbab bin al-Aratt (R.A.).

Wengi wetu tumewahi kumwona muhunzi akifanya kazi uani kwake. Anachukua kipande cha springi ya gari, anakitia kwenye makaa, mtu anavukuta mpaka chuma kinakuwa chekundu. Anakitoa kwa koleo, anakigonga juu ya fuawe. Kikipoa kinarudi motoni, kikitoka kinagongwa tena. Halafu kinatiwa matiko, kinapigwa tupa, kinanolewa, kinatiwa mpini. Jasho lote hilo ni la kisu kimoja cha jikoni! Upanga je? Basi kazi ya moto na nyundo ndiyo iliyokuwa riziki ya Khabbab pale Makka. Alikuwa akifua panga na kuziuza.

Kwa asili hakuwa mtu wa Makka. Wanahistoria wengi wanamnasibisha na kabila la Tamim. Alitekwa akiwa bado mdogo, akauzwa Makka, akanunuliwa na mwanamke wa kabila la Khuzaa aitwaye Ummu Anmar. Yule bibi akampeleka kujifunza uhunzi, na kijana akaushika ufundi vizuri mpaka watu wakubwa wa Makka wakawa wanamwagiza kazi.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoanza kulingania, Khabbab alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa kuitikia. Na hebu fikirini hali yake. Hana baba Makka, hana wajomba, hana ukoo wa kumtetea. Abu Bakr alikuwa na watu wake. Uthman alikuwa na watu wake. Khabbab alikuwa na nyundo na makaa tu. Juu ya hivyo hakuficha imani yake.

Wakamwadhibu kwa kile kile alichokuwa akikifanyia kazi kila siku. Wapokezi wanasimulia kwamba waliwasha moto, wakamlaza chali juu ya makaa, na mtu akamkanyaga kifuani asiinuke, mpaka makaa yakazimwa na mafuta ya mgongo wake mwenyewe. Miaka mingi baadaye, Umar (R.A.) akiwa khalifa, alimkaribisha akae karibu yake kwa sababu ya mateso yale. Khabbab akafunua mgongo, na waliokuwepo wakayaona makovu.

Sasa sikilizeni kisa cha deni lake. Alikuwepo tajiri mmoja wa Makka, al-As bin Wail. Khabbab alimfanyia kazi ya upanga na fedha yake haikulipwa. Alipokwenda kudai, al-As akamwekea sharti: hatalipwa mpaka amkane Muhammad.

Jamani, hilo si jambo dogo. Ile ni pesa ya jasho lake, wala hakwenda kuomba sadaka. Na neno moja tu la mdomoni lingetosha kumpatia haki yake yote. Khabbab akamjibu kwamba hatamkana Mtume hata al-As afe kisha afufuliwe. Al-As akalifanya mzaha. Akasema kama kweli kuna kufufuliwa, basi Khabbab asubiri siku hiyo, maana huko nako yeye atakuwa na mali na watoto, na ndiko atakakomlipa.

Khabbab akaondoka mikono mitupu. Lakini kesi yake ilifika kusikohongeka. Allah akateremsha aya katika Suratu Maryam, kuanzia aya ya 77, zikimkemea mtu yule aliyejihakikishia mali ya Akhera kana kwamba amepewa ahadi. Zikaeleza kwamba atakuja mbele ya Mola wake peke yake. Deni la muhunzi mmoja asiye na ukoo likaingia ndani ya Qur'ani, na linasomwa mpaka leo.

Msidhani kwamba Khabbab hakuchoka. Alichoka. Siku moja yeye na wenzake walimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa amejiegemeza kivulini kwa Al-Kaaba, wakamlalamikia: mbona hatuombei nusura? Mtume akawaeleza habari za waumini waliotangulia, jinsi walivyopasuliwa kwa msumeno na kuchanwa nyama kwa vitana vya chuma, na bado hawakuiacha dini yao. Kisha akawabashiria kwamba jambo hili Allah atalitimiza, mpaka msafiri atoke Sanaa hadi Hadhramaut bila kumwogopa yeyote ila Allah, isipokuwa wao wana haraka. Hakuwaahidi kupata nafuu kesho yake. Khabbab akarudi na maumivu yake, akasubiri.

Na alikuwa mwalimu pia, tusilisahau hilo. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba siku Umar alipomvamia dada yake Fatima nyumbani kwake, aliyekuwa mle ndani akiwasomesha Qur'ani Fatima na mumewe ni huyu huyu Khabbab.

Akahama kwenda Madina. Siku kama ya leo, mwaka wa 2 wa Hijra, alisimama Badri, na vita vilivyofuata akavipigana pamoja na Mtume.

Mwishoni alikaa Kufa, Iraki. Waislamu walikuwa wamekunjuliwa dunia, na Khabbab naye akapata mali. Akaugua ugonjwa mzito wa tumbo, akatibiwa kwa kuchomwa moto mara 7. Maumivu yakawa makali hata akasema kwamba lau Mtume hakukataza kuomba mauti, angeyaomba.

Lakini kilichomliza hakikuwa hicho. Aliwakumbuka wenzake waliotangulia, na hasa Mus'ab bin Umayr, aliyeuawa Uhud akaacha nguo moja tu. Wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi. Wakimfunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Mwisho wakamfunika kichwa, na miguuni wakamwekea majani. Khabbab aliona kwamba wale wamekwenda na ujira wao kamili, hawakula kitu. Yeye aliyebaki akaogopa kwamba huenda amekwisha lipwa hapa hapa duniani.

Hebu tafakarini, ndugu zangu. Ujanani alinyimwa ujira wake na hakutetereka. Uzeeni alipata mali, na hapo ndipo alipoogopa. Sisi kwetu mara nyingi ni kinyume. Tukinyimwa tunatetereka, tukipata tunatulia kabisa.

Alifariki Kufa mwaka wa 37 wa Hijra. Ali (R.A.) aliporudi kutoka Siffin alilipita kaburi lake, akamwombea rehema na kumshuhudia kwamba alisilimu kwa hiari, akahama kwa utiifu, na akaishi katika jihadi. Yule mtoto aliyenunuliwa sokoni akasifiwa na Amiri wa Waumini.

Tuondoke na mambo mawili leo.

La kwanza ni kwa anayedai. Kama umefanya kazi na mtu amekudhulumu, dai haki yako, kama alivyokwenda kudai Khabbab. Lakini usiuze dini yako kwa ajili ya deni, wala usidhani limepotea.

La pili ni kwa tunaodaiwa, na hapa naanza na nafsi yangu. Idi inakaribia. Fundi cherehani anakesha kutushonea kanzu na magauni. Yupo fundi aliyetutengenezea mlango, yupo dada anayetupikia futari, yupo kijana anayetuletea maji. Tunaswali tarawehe safu ya mbele na huku tunamwambia njoo kesho, njoo baada ya Idi. Al-As alisema atalipa Akhera, na sisi tunamlaani. Tuogope tusije tukawa tunasema vile vile kwa vitendo. Mtume (S.A.W.) ametufikishia kwamba Allah mwenyewe atakuwa hasimu wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Basi leo kabla ya futari, mpigie simu fundi wako. Kama unayo, mlipe. Kama huna, mwambie ukweli na umwombe muda.

Ya Allah, mridhie Khabbab na watu wote wa Badri. Tutoe duniani hali ya kuwa hatuna deni la mtu shingoni. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kesho In sha Allah.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.