Francis wa Assisi, Aliyeombaomba Mawe

Nilipanda Assisi, mji wa Italia ulio ubavuni mwa mlima Subasio, miezi michache baada ya tetemeko la Septemba 26, 1997. Kitovu kilikuwa Colfiorito, mbali kidogo, lakini dari la kanisa kuu la Francis liliporomoka likaua watu wanne: watawa wawili na wakaguzi wawili walioingia kutazama nyufa za mtikisiko wa usiku. Niliwakuta mafundi wakichambua vipande vya michoro, kimoja kimoja.

Nikamfikiria mwenyewe. Alizaliwa 1181 au 1182, mwana wa tajiri wa vitambaa, kijana wa starehe. Alipigana na watu wa Perugia, akafungwa. Baadaye alisikia akiamriwa atengeneze nyumba ya Mungu iliyobomoka. Naye, asitafute fumbo, akauza vitambaa vya babake kwa ajili ya San Damiano, kanisa bovu nje ya mji. Baba akamshtaki (nami simlaumu sana, mali ilikuwa yake). Mbele ya askofu Francis akavua nguo zote, akamrudishia mzazi. Kisha akaombaomba mawe mitaani, akajenga.

Alifariki Oktoba 3, 1226, karibu na Porziuncola, kikanisa alichokitengeneza kwa mikono yake.