Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mtumishi wa Kabaka

Kila mtu wa Kampala analijua soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi huliita Owino. Maelfu ya watu hupita pale kununua nguo na vyakula. Lakini ni wachache wanaojiuliza Balikuddembe alikuwa nani, na kwa nini jina lake likawekwa pale Nakivubo. Habari zake ni hizi.

Mukasa alizaliwa Buganda yapata mwaka 1860. Mwaka 1874, akiwa bado mvulana, aliingia katika utumishi wa jumba la Kabaka Muteesa. Kazi yake ilikuwa kumhudumia Kabaka katika vyumba vya ndani, naye akapendwa kwa uaminifu wake.

Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans. Mukasa akawa mmoja wa vijana waliokwenda kwao kujifunza dini. Hakubatizwa upesi. Alifundishwa, na mwenendo wake ukatazamwa, mpaka tarehe 30 Aprili 1882 alipobatizwa na kuitwa Yosefu.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule mapadre waliondoka wakaenda Bukumbi, kusini ya ziwa, wasirudi mpaka Julai 1885. Wakristo wakabaki bila Misa na bila padre wa kuwaungamisha. Hapo ndipo ilipojulikana kama mafundisho yameingia moyoni au yameishia mdomoni. Yosefu aliwakusanya wenzake kusali, akawafundisha waliokuwa wanaanza. Wala hakuiacha kazi yake ya jumbani. Aliyafanya yote mawili.

Muteesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe, Mwanga, alipotawala alimfanya Yosefu mkubwa wa watumishi wa nyumba yake. Cheo hicho kilikuwa kikubwa, na kila mwenye cheo kama hicho alijua kwamba usalama wake ni kumpendeza Kabaka katika yote. Lakini Yosefu aliwahesabu vijana waliokuwa chini yake kuwa ni amana. Mwanga alipotaka kuwatumia katika mambo machafu, Yosefu aliwaonya na kuwaficha. Jambo hilo Kabaka hakulisahau.

Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Askofu huyo hakuwa wa Kanisa la Yosefu. Angaliweza kunyamaza, na hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini alimwendea bwana wake akamwambia kwamba si haki kumwua mgeni bila kumsikiliza, tena Muteesa baba yake hakufanya hivyo. Kabaka alikasirika sana, na wakuu waliomchukia Yosefu walizidi kuuchochea moto.

Jumapili tarehe 15 Novemba 1885 alipelekwa Nakivubo kuuawa. Alisema kwamba hakuna haja ya kumfunga kamba. Alituma neno kwa Mwanga kwamba amemsamehe, lakini atubu. Alikatwa kichwa, kisha mwili wake ukachomwa moto. Umri wake ulikuwa kama miaka 25. Alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuuawa kwa ajili ya dini katika Buganda.

Wenzake hawakutawanyika. Karoli Lwanga alibatizwa siku ileile, akashika kazi ya kuwaongoza vijana mpaka naye alipochomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22, na Yosefu yumo.

Basi, ndugu zangu, Yosefu hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye bwana juu yake na vijana chini yake. Sisi tulio shuleni tunajibu maswali ya dini katika mtihani, na nyinyi mliotutangulia mnao wakubwa wenu maofisini. Maswali aliyoulizwa Yosefu hayakuwa ya karatasi: utawalinda waliowekwa mikononi mwako? Utamwambia mkubwa wako kweli? Nasi tutaulizwa hayohayo. Tupitapo Owino, tumkumbuke, tumwombe atuombee.