Schinkel, msanifu aliyelileta anga la nyota jukwaani

MWAKA 1787 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Neuruppin, Prussia, katika Ujerumani ya leo. Karl Friedrich Schinkel, wakati huo mtoto wa miaka sita, alifiwa na baba yake kutokana na janga hilo.

Alisomea usanifu wa majengo Berlin, na kati ya 1803 na 1805 alizunguka Italia akichora magofu, makanisa na milima. Majeshi ya Napoleon yalipoiteka Berlin mwaka 1806, kazi za ujenzi zikaadimika, naye akaishi kwa kuchora mandhari.

Michoro hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye. Januari 1816, kwa ajili ya opera ya Mozart, Filimbi ya Kichawi, alibuni mapango ya miamba, mahekalu ya Misri, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na kuba la buluu lenye nyota zilizopangwa safu kwa safu, Malkia wa Usiku akisimama juu ya hilali.

Agosti yakafuata mapambo ya opera ya Undine, kisa cha binti wa majini. Julai 1817 jumba la maonyesho likaungua, na mapambo hayo yakateketea.

Schinkel mwenyewe ndiye aliyekabidhiwa ujenzi wa jumba jipya, lililofunguliwa 1821, miaka 20 kabla ya kifo chake. Nguzo zilizonusurika motoni alizisimamisha tena mlangoni.