Horace Wells, Tabibu wa Meno

Horace Wells alizaliwa katika jimbo la Vermont, Marekani, tarehe 21 Januari 1815. Alifanya kazi ya utabibu wa meno katika mji wa Hartford, Connecticut. Siku zile jino liling'olewa mgonjwa akiwa macho, awe mkubwa au mtoto, na vilio vyao vilimsumbua sana.

Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama maonyesho ya gesi ya kuchekesha. Mtu mmoja aliyeivuta aliumia mguu, wala hakuwa na habari. Kesho yake Wells akaivuta yeye mwenyewe, na mwenzake Riggs akamng'oa jino. Hakusikia maumivu. Hakuifanya siri ili atajirike, bali aliwafundisha wenzake.

Mwaka 1845 aliionyesha dawa hiyo huko Boston. Gesi haikutosha, mgonjwa akalia, na watu wakamzomea Wells. Mwaka 1846 Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake, akapata sifa kwa kutumia etha. Wells alikufa katika masikitiko mwaka 1848, umri wake miaka 33. Mwaka 1864 chama cha matabibu wa meno wa Marekani kilimtambua kuwa mwanzilishi.

Leo kwa kawaida sindano ya ganzi hutosha. Mtoto mwenye meno mengi mabovu au hofu kubwa huweza kupewa nusukaputi hospitalini na mtaalamu wa usingizi. Basi sisi wa Buhare, tumpelekapo mdogo wetu kung'olewa jino, tumshike mkono na kumwambia kweli. Tusimtishe, wala tusimcheke akilia.